Vigoda, Vibuyu na Vyondo vya Kukodisha

Vifaa vya mapambo ya sherehe ni vitu vinavyopangwa mahali pa shughuli ili pawe na hadhi inayolingana na tukio lenyewe: viti vya maharusi, vigoda vya wazee, vibuyu, vyondo, mikeka, lango la kupokelea wageni na pazia linalotandazwa nyuma ya jukwaa. Katika kaunti za Kitui na Makueni vifaa hivi hukodishwa kwa siku, pamoja na tenti na viti vya wageni au peke yake. Maelezo haya yanahusu biashara moja ya namna hiyo, iliyoanzishwa na mwandishi mwenyewe pamoja na mkewe, na jinsi uchongaji wa kujifurahisha ulivyogeuka riziki ya nyumba nzima.

Uchongaji si jambo geni Ukambani. Kabla ya ukoloni wazee walikuwa na vigoda vya miguu mitatu vilivyonakshiwa kwa waya, wanawake walikuwa na vibuyu vyenye michoro, na vitu hivyo vilitumiwa na wenyewe. Uchongaji wa kuuza kwa wageni ulikuja baadaye. Sifa ya kuuanzisha hupewa Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko na kurudi na ujuzi huo. Kutoka Wamunyu kazi ilienea kwa jamaa na majirani, ikafika Nairobi na Mombasa. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika Changamwe, Mombasa. Twiga, vifaru na vinyago vilivyotoka humo vilijaa katika hoteli na majumba ya ng'ambo. Katika nyumba za Wakamba wenyewe havikuonekana sana, na hilo ndilo jambo lililomtafuna mwandishi tangu ujana wake: mikono yote ile, na hakuna kilichobaki nyumbani.

Mwandishi alizaliwa upande wa Kitui, kando ya barabara inayotoka Machakos kupitia Wamunyu na Kabati. Tezo na patasi alivishika akiwa mtoto, kwa mjomba wake aliyekuwa akichonga miiko ya kuuza. Hakuchukua uchongaji kuwa kazi. Alisomea ualimu, akapangiwa shule ya sekondari, na kuchonga kukabaki jambo la jioni na la likizo. Shuleni ndipo jambo hilo lilipopata matumizi. Tamasha la kitaifa la drama huzikusanya shule kila mwaka, kuanzia mashindano ya mashinani hadi fainali za taifa, na kila mchezo unahitaji maleba na vifaa vya jukwaani. Mwalimu anayejua kutengeneza kiti cha mfalme kwa katoni, ngao kwa gunia na mti kwa karatasi zilizokorogwa na uji wa unga wa ngano hutafutwa na shule za jirani pia. Kasoro ya vifaa hivyo ni kwamba vilitengenezwa vidumu dakika chache za mchezo. Tamasha likiisha vilirundikwa stoo, na muhula uliofuata vilichomwa.

Hatua ya kuelekea biashara ilitokana na ndoa. Mke wa mwandishi ni wa Kibwezi, Makueni, katika nyumba ya wasusi wa vyondo. Huko mibuyu ni mingi na katani humea hata mahali ambapo mahindi yameshindwa, na mama mkwe alikuwa akisuka tangu usichana wake. Ilipofika siku ya ntheo, yaani siku ambayo upande wa mume hupeleka mbuzi kwa wazazi wa mke na mke akahesabika kuwa ameolewa kwa desturi ya Kikamba, pande zote mbili ziliamua kupamba ua kwa vitu vyao wenyewe. Vigoda vilitoka Kitui, vyondo na mikeka vikatoka Kibwezi. Wageni walioona mapambo yale ndio waliokuwa wateja wa kwanza. Waliuliza bei ya kununua. Mama mkwe ndiye aliyekataa kuuza, akasema watakaohitaji waazimwe kwa kitu kidogo na warudishe.

Neno hilo la mama mkwe ndilo msingi wa biashara yote iliyofuata. Kigoda kikiuzwa humlipa mchongaji mara moja, kwa bei inayoamuliwa na mnunuzi mwenye haraka. Kikikodishwa hulipa kila kinapotoka, mradi kirudi kizima. Kwa hiyo kazi ya mwenye kukodisha iko zaidi katika kutunza kuliko kutengeneza: kuhesabu vinapotoka, kuhesabu vinaporudi, kuosha, kukausha, kukarabati na kuhifadhi mahali pasipofikiwa na mchwa wala panya. Mteja huacha rehani kwa M-Pesa, na rehani hiyo hurudishwa baada ya hesabu ya pili. Mchongaji hodari asiyependa kuhesabu hawezi biashara hii. Katika nyumba ya mwandishi daftari la kutoka na kurudi lilikabidhiwa mkewe tangu mwanzo, na hakuna kitu kinachopakiwa garini bila yeye kukiandika.

Ukarabati unastahili kuelezwa kwa kituo, maana ndio unaotenganisha biashara inayodumu na inayoisha mwaka wa kwanza. Kibuyu kikavu kikianguka hupata ufa, na kwa desturi ya Wakamba hakitupwi, hushonwa. Kitambaa kilicholowa hulazwa juu ya ufa usiku kucha ili ganda lisipasuke zaidi. Asubuhi matundu madogo hutobolewa pande zote mbili za ufa kwa sindano ya kushonea magunia iliyopashwa moto. Uzi wa katani uliosokotwa juu ya paja hupitishwa kwa kukingamana, ukivutwa taratibu mpaka midomo ya ufa ikutane, kisha nta ya nyuki hupakwa kwa ndani. Mshono ukikauka huonekana kama sehemu ya nakshi. Wateja wengi huchagua vibuyu vyenye mishono wakaacha vilivyo laini, na wazee huvishika kwanza wanapoketi. Kigoda nacho kina ukarabati wake. Waya wa shaba, ambao siku hizi hutolewa kwenye mota mbovu, hugongwa kwa nyundo ndogo ndani ya mifereji iliyochorwa kwenye kiti. Ukichomoka upande mmoja ni lazima ung'olewe mstari mzima na kuanza upya, la sivyo utakwaruza nguo za watu.

Suala la mbao lilihitaji uamuzi wa mapema. Muhugu na mpingo, miti iliyowapa wachongaji jina, hukua polepole mno na imekwisha katika sehemu nyingi, ndiyo maana wachongaji wengi wa Pwani wamehamia mwarobaini. Kitui na Makueni zina mti wao, mukau. Ni mti wa nchi kame, hauliwi na mchwa, na huweza kukatwa kwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, kilichoko Kitui kimeufanyia kazi kwa miaka mingi kwa msaada wa Wajapani, hasa tatizo la mbegu zake, ambazo hazioti mpaka kokwa lipasuliwe na ngozi ya mbegu ikwaruzwe. Mukau si mgumu kama mpingo wala haung'ai vile, lakini ni mwepesi, na wepesi ni sifa kubwa kwa kitu kinachobebwa kila Jumamosi. Vigoda vyote vya biashara hii sasa ni vya mukau, na familia imepanda mikau yake kwenye mpaka wa shamba.

Mwaka wa kazi hufuata likizo za shule. Agosti na Desemba ndiyo miezi ya mavuno, kwa kuwa walioko Nairobi na Mombasa hurudi nyumbani na shughuli hupangwa wakati huo. Desemba ina shida yake: mvua za vuli, ambazo ndizo tegemeo la wakulima wa Ukambani, huenda bado zinanyesha, na njia za ndani hujaa matope. Kutandikwa lami kwa barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui kuliibadilisha kazi hii kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu nyumba mbili za familia ziliunganishwa moja kwa moja. Zamani mzigo ulizunguka. Siku hizi vyondo na mikeka huhifadhiwa Kibwezi, vigoda na vibuyu huhifadhiwa Kitui, na gari hukusanya kulingana na mahali sherehe ilipo, iwe Wote, Makindu, Mwingi au Ikutha.

Sheria nayo imechangia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila na kutaka isajiliwe, na vijana wengi wasomi sasa huifanya ntheo kwa maandalizi ambayo zamani yaliwekewa arusi ya kanisani. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 nayo iliwakumbusha watu thamani ya kyondo, kwanza sokoni, kisha hata kwenye meza za sherehe.

Mgawanyo wa kazi katika familia haukupangwa kwa mkutano. Ulifuata ujuzi uliokuwapo. Mwandishi na mwanawe huchonga na kufunga malango. Mkewe huweka hesabu na kuzungumza na wateja. Binti hushona vitambaa vya meza na mapazia, mengine yakiwa ya mtumba kutoka Gikomba yaliyokatwa upya. Mama mkwe alisimamia usukaji mpaka uzee ulipomzuia kukaa chini muda mrefu, na baada ya hapo alibaki msemaji wa mwisho kuhusu kyondo kipi kitoke na kipi kisitoke. Kanuni moja iliwekwa na haijavunjwa: kila afanyaye kazi hulipwa siku ya kazi, awe mtoto au mgeni. Familia nyingi huvunjika kwa kudhani kwamba wa nyumbani anaweza kungoja. Kungoja malipo ya baadhi ya wateja kulitosha. Ofisi moja ya umma ilichukua mapambo ya hafla na kulipa baada ya zaidi ya mwaka, na tangu hapo kazi za aina hiyo hupokewa kwa malipo ya awali tu.

Machi 2020, korona ilipoingia Kenya na mikusanyiko kupigwa marufuku, vifaa vilikaa ndani miezi kadhaa. Mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu, na arusi hazikuwa na maana tena kwa mpambaji. Mshahara wa ualimu ndio uliolisha nyumba. Muda huo ulitumiwa kushona vibuyu vyote vilivyokuwa vimepasuka na kusuka vyondo vipya, hivi kwamba watu walipoanza kukusanyika tena mzigo ulikuwa umekamilika kuliko wakati wowote. Ukame uliofuata, wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, ulipunguza sherehe lakini haukuzikomesha. Mbuzi walikuwa wachache na wageni wakawa wachache.

Kuna vitu ambavyo familia haikodishi. Ngoma za kilumi zina kazi yake katika ibada za wazee, na kuzitundika nyuma ya keki ni kuzivunjia heshima. Vitu vya ithembo, mahali pa kutambikia, havinakiliwi hata kwa katoni. Viti vya msiba hutolewa bila malipo kwa jirani. Wateja waliotaka vinginevyo wameelekezwa kwingine kwa adabu.

Upungufu uliopo sasa ni wa mifano. Vigoda vya zamani vyenye nakshi kamili vimenunuliwa na wakusanyaji, na vingi vinakaa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, ilhali mchongaji wa Kabati au wa Kibwezi hana cha kutazama ila picha. Aliye na kigoda cha babu yake nyumbani asikiuze. Akipeleke kwa mchongaji aliye karibu naye, kipimwe, nakshi zake zichorwe kwenye karatasi, kisha akirudishe mahali pake.