Simu Isiyo na Jicho: Jinsi Nilivyolinda Sitara ya Maharusi Wangu



Nawaandikia kutoka Singida mjini, mbali na bahari, huku kwetu kwenye alizeti na upepo. Baadhi yenu mnanijua kwa kazi ya mikono yangu: nimewashonea magauni ya nikahi, yakapanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja. Leo siandiki habari za lesi wala shanga. Naandika habari za simu za mezani na kisanduku kimoja kidogo. Nivumilieni, kwa sababu mwisho wa safari hii ni sitara yetu.

Nianze na jambo ambalo bado linanichoma. Siku moja bibi harusi alikuwa chumba cha ndani anajaribu gauni lake. Kichwa wazi, hina mbichi mikononi, mabega wazi. Binti mmoja ninayemfundisha kazi akajipiga picha na gauni jingine alilolishona mwenyewe, akaiweka kwenye simu yake ili wenzake waone. Hakuwa na nia mbaya. Hakuona kwamba kwenye kioo nyuma yake yule bibi harusi anaonekana. Mpaka Isha picha ilikuwa imewafikia binamu za bwana harusi.

Mama wa yule binti alikuja asubuhi. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi, akaniambia, "Mwanangu, mimi nilikuletea amana, si kitambaa." Nilirudisha fedha yote na gauni nikamalizia bure, lakini picha ukishaiachia hairudi. Harusi ilifanyika, alhamdulillah. Mimi nilikaa siku nyingi sina usingizi.

Siku hiyo hiyo nikatoa amri: simu yenye kamera haivuki mlango wa chumba cha maharusi. Iwe ya bibi harusi, ya somo wake, ya wifi, ya fundi au yangu mimi. Nikaweka kapu la ukindu mlangoni, kila mtu anaacha yake.

Amri ilikuwa nzuri, ila ilileta shida nyingine. Nyumba yangu ya kazi ina sehemu nne: duka mbele, chumba cha cherehani katikati, chumba cha maharusi ndani, na uani ninakoishi na familia. Kwenye cherehani nina mafundi wanaume wawili. Zamani, msichana aliye ndani na bibi harusi alikuwa anatuma ujumbe kwa simu: punguza hapa, ongeza pale. Sasa hana simu, akaanza kupaza sauti kutoka mlangoni: "Kiuno kipungue inchi mbili! Kifua kiongezwe!" Wanaume wanasikia, wateja dukani wanasikia. Nikajiuliza, hii ndiyo sitara gani? Nimefunga jicho, nimefungua mdomo. Vipimo vya mwili wa mwanamke navyo ni siri yake.

Ndipo nikakumbuka simu ya mezani, ile ya waya, ambayo namba zake za huku zinaanza na 026. Haina kamera, haina picha, haina hadhi ya kujionyesha. Inalia, unainua, unasema, unaweka. Na mlio wake ni hodi. Suratun-Nur, aya ya 27, inatufundisha kuomba ruhusa na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Simu inayolia kabla mtu hajasogelea mlango niliiona ni adabu ile ile.

Nikaenda kwa kijana mmoja wa duka la kompyuta. Akaniambia, "Dada, simu hizo zenyewe utazipata za mtumba kwa bei ya chai. Unachohitaji ni geitiwei."

Geitiwei ni lango la sauti. Yangu ni kisanduku chenye ukubwa wa boksi la uzi, kina matundu manne madogo ya waya wa simu na tundu moja kubwa zaidi la waya wa mtandao. Simu ya zamani inapeleka sauti kama umeme unaopanda na kushuka kwenye nyaya mbili. Kompyuta haielewi lugha hiyo. Geitiwei inaisikiliza sauti, inaipima mara 8,000 kwa sekunde, inaigeuza kuwa tarakimu, halafu inaikata vipande vidogo na kuvituma kwenye mtandao. Kwa kawaida kila kipande kinabeba milisekunde 20 za sauti, yaani vipande 50 kila sekunde. Upande wa pili vinaunganishwa tena. Sisi mafundi tunalielewa hilo haraka: kipande kikipotea, pengo linaonekana.

Mnaweza kuuliza kama inakula bando. Haili. Mtandao wa ndani ya nyumba, yaani ruta na nyaya zako, unatosha. Sauti iliyopangwa kwa mfumo uitwao G.711 inahitaji kilobiti 64 kwa sekunde kila upande, na kidogo zaidi kwa ajili ya vifungashio vyake. Waya wa kawaida wa mtandao unabeba zaidi ya mara elfu ya hicho. Intaneti ikikatika Singida nzima, chumba cha maharusi bado kinaongea na cherehani.

Kinachohitajika kingine ni msimamizi wa simu, anayejua 101 ni nani na 103 yuko wapi. Kijana aliniwekea programu ya bure iitwayo Asterisk kwenye kompyuta yangu ya zamani iliyokuwa imelala kabatini. Programu hiyo ilianzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Inasikitisha kidogo na kuchekesha kidogo kwamba kompyuta niliyokuwa nataka kuiuza kwa chuma chakavu ndiyo sasa mlinzi wa mlango wangu.

Kijana alitaka kupanga kila kitu yeye mwenyewe. Nikamwambia hapana, kaa pembeni, unielekeze, mimi nibonyeze. Elimu yangu ni sekondari na kozi ya ushonaji, lakini kitu kinacholinda wateja wangu siwezi kukiacha kichwani mwa mtu mwingine.

Nikaunganisha simu, nikainua mkono wake, nikabonyeza nyota mara tatu. Sauti ya kurekodiwa ikanisomea anwani ya kile kisanduku kwenye mtandao. Nikaiandika anwani ile kwenye kivinjari cha kompyuta, ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Jambo la kwanza kijana alilonifanyisha lilikuwa kubadilisha nenosiri la kiwandani. "Dada, hili la kiwandani kila mtu analijua. Ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kitasa."

Kisha kila tundu likapewa namba yake: 101 dukani, 102 cherehani, 103 chumba cha maharusi, 104 uani. Kila moja na nenosiri lake, na zote zikaelekezwa kwenye anwani ya ile kompyuta. Taa nne zikawaka kijani. Nikabonyeza 102. Kimya. Nikahesabu sekunde moja, mbili, tatu, nne, nikafikiri nimeharibu. Mara cherehani ikalia! Kumbe geitiwei ilikuwa inasubiri kuona kama nitaongeza tarakimu nyingine. Kijana akanionyesha mahali pa kuandika kwamba namba zetu zina tarakimu tatu tu, na usubirifu ule ukaisha.

Simu ya 103 tuliipanga kwa namna ya pekee. Ukiinua mkono wake tu, bila kubonyeza chochote, inapiga dukani kwangu. Nilifanya hivyo kwa ajili ya bibi yetu mpambaji, ambaye macho yake hayaoni vizuri namba. Siku ya kwanza aliinua, akasikia sauti yangu, akasema, "Shikamoo simu!" Tulicheka mpaka machozi. Naye ndiye aliyetunga kanuni tunayoifuata mpaka leo: kwenye simu hatutaji jina la bibi harusi. Tunataja namba ya gauni. "Namba kumi na mbili, kiuno inchi mbili." Fundi anashona, hajui ni la nani.

Nilidhani nimemaliza. Mwenyezi Mungu akanionyesha sijamaliza.

Ilikuwa Ijumaa, harusi kesho yake, bibi harusi ametoka Manyoni na mama yake. Umeme ulikuwa umekatika mchana na kurudi. Zipu ya gauni ikaachia akiwa amelivaa. Msichana wangu akainua simu ya 103. Hakuna kitu. Akaweka, akainua tena. Kimya. Kwenye kapu mlangoni kulikuwa na simu saba za kamera, na yake ikiwemo. Hatua mbili tu. Angeichukua, angenipigia, nani angemlaumu?

Hakuichukua. Alimfunika bibi harusi khanga mbili, akamwambia mama yake akae naye, akafunga mlango, akaja kwangu kwa miguu. Tukarekebisha zipu kabla ya Magharibi. Yule binti ndiye aliyepiga ile picha ya kwanza. Nilimkumbatia bila kusema kitu.

Usiku nikakaa chini kutafuta kosa. Lilikuwa langu. Kompyuta ya Asterisk nilikuwa sijaipa anwani ya kudumu. Ruta ndiyo iliyokuwa inaigawia, na umeme uliporudi ikaigawia nyingine: zamani iliishia 105, sasa 108. Geitiwei ikawa inabisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Nikaipa kompyuta anwani ya kudumu 192.168.1.10, na geitiwei 192.168.1.20. Ruta nikaiambia iwagawie wengine kuanzia 100 kwenda mbele, ili asije mgeni akapewa anwani ya mwenyeji. Nikaziandika zote kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa mwisho. Nikanunua na betri ya akiba, kwa sababu simu zile za mezani zinapata umeme wake kutoka kwenye geitiwei: ikizima, na zenyewe zinazima.

Nilijifunza jambo jingine usiku ule. Sauti kwenye mtandao wa ndani, kwa mpangilio wa kawaida, inasafiri wazi bila kufichwa. Mjuzi akiwa ndani ya mtandao huo huo anaweza kuinasa. Na mimi nilikuwa nawapa wateja waifai ile ile wakisubiri! Nikatenga waifai ya wageni, isiyofika kwenye simu. Wala mfumo wangu sikuufungulia mlango wa nje kwenye intaneti, kwa sababu wako wanaozunguka wakitafuta mifumo iliyo wazi ili wapige simu za nje ya nchi kwa gharama ya mwenye nyumba.

Dada zangu, mnajua nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Nafurahi ipo. Lakini sheria inakuja baada ya madhara, na mama yule wa kwanza hakuniuliza habari za sheria. Aliniuliza habari za amana. Na amana, nimegundua, haitunzwi kwa moyo mwema peke yake. Moyo wangu ulikuwa mwema siku ile picha ilipotoka, na ulikuwa mwema siku ile simu iliponyamaza. Kilichokosekana ni ujuzi. Tunapochukua dhamana ya sitara ya mtu, kujifunza jinsi ya kuilinda ni sehemu ya dhamana yenyewe, hata kama mafunzo hayo yana nyaya na tarakimu tulizodhani si za wanawake wa cherehani.

Nawe bibi harusi unayesoma hapa, ukienda kwa fundi, kwa mpaka hina au kwa anayekupiga singo, usione haya kuuliza kabla hujavua baibui. Simu za watu zinawekwa wapi? Vipimo vyangu vinaandikwa wapi na nani anavisoma? Nani anaingia bila hodi? Anayejali hatakasirika. Atafurahi umemuuliza.

Na ukipita Singida, karibu. Weka simu yako kapuni, ingia ndani, kaa kwa raha zako. Ukihitaji kitu, mezani pana simu nyekundu ya waya. Inua tu, mimi nipo upande wa pili.

Allah azisitiri aibu zetu, azitie baraka ndoa zetu, na atuwezeshe kutunza tunachokabidhiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.