Chenga hazifichi sura

Mama mmoja aliyekimbia vita, wakati huo akiwa kambini karibu na Goma, alikubali kupigwa picha kwa sharti moja: asijulikane. Kijana wa kompyuta akatia chengachenga kwenye picha, kama za televisheni isiyoshika mawimbi. Kiasi chake hupimwa kwa desibeli: 20, nguvu ya picha ni mara 100 ya chenga, 10, ni mara 10, 0, zinalingana. Akachagua 10. Mtoto wa yule mama akachungulia, akasema: “Huyu ni mama yangu!” Basi sura ikafunikwa nyeusi kabisa, na picha ya kwanza ikafutwa. Wapendwa wasikilizaji, kabla ya kukubali picha, ulizeni: sura itafunikwa, ao itanyunyiziwa chenga tu?