Moshi wa Maharagwe

Wahenga walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Hawakunena lolote juu ya anayeuvuta moshi huo huku akingoja chungu kiive.

Binti mmoja, mwanafunzi wa uzamili katika sayansi ya mazingira, alikwenda vijijini Kakamega kuchunguza nishati na hewa ya eneo la Magharibi. Katika pendekezo lake la utafiti alikuwa ameandika, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na maji, upepo na mvuke wa Olkaria, ambako umeme umezalishwa tangu mwaka 1981. Taifa la umeme safi, basi! Hata hivyo, nyaya za umeme huo zilipita juu ya nyumba ambamo chakula kilipikwa kwa mafiga matatu na kuni za mkaratusi, aghalabu zikiwa mbichi.

Kifaa chake kilikuwa kisanduku kidogo kilichotundikwa mita moja kutoka motoni. Kilipima chembe zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana. Unywele wa binadamu huzishinda chembe hizo kwa unene takriban mara thelathini, ndiposa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo.

Sharti la siku ya kwanza lilikuwa moja: mtafiti asibadilishe chochote. Mpishi apike kama alivyozoea.

Alasiri mvua ikanyesha. Mwenye nyumba, mjukuu mgongoni, akafunga mlango, akainama kuupuliza moto. Maharagwe yalikuwa bado magumu. Nambari kwenye kioo cha kifaa zikavuka 900, zikavuka 1,400. Mtoto akakohoa.

"Mwanangu, chombo chako kinasemaje?"

Fomu ya ridhaa, iliyotungwa kwa Kiingereza na kufasiriwa harakaharaka, haikuwa na jibu. Ilitaja "chembechembe zinazoelea", maneno ambayo mama huyo angeweza kuyadhania ya unga. (Hapa wanaistilahi tuna deni.)

"Kinasema moshi ni mwingi, mama."

"Hilo hata macho yangu yanalisema," akacheka. "Nauliza, unamfanya nini mtoto?"

Binti akamweleza juu ya homa ya mapafu, na jinsi watoto wakuao katika moshi wanavyoipata kwa urahisi zaidi. Mama akanyamaza kitambo, akimpapasa mjukuu mguu.

"Nawe umelijua hili tangu asubuhi?"

Binti hakujibu. Aliinuka, akaondoa komeo. Katika daftari lake la siku hiyo kuna mstari ulioandikwa kwa mkono usiotulia: "Saa 10:20 jioni. Mlango umefunguliwa na mtafiti. Mvua inaingia."

Vipimo vya nyumba hiyo havimo katika tasnifu.