Figili Iliyoachwa Itoe Maua

Mwezi wa Juni mwaka jana tulialikwa kusomesha Leicester, mji ulioko katikati ya Uingereza. Darasa lilikwenda vyema, walhamdulillahi. Lakini tulichorudi nacho moyoni hakikutoka darasani, kilitoka katika bustani ya mboga.

Leicester si mji mgeni sana kwa mtu wa pwani. Familia nyingi za asili ya Kihindi zilizohama Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972, zilipata makao huko. Mtaani Highfields tulisalimiwa kwa Kiswahili mara mbili kabla ya adhuhuri. Mwenyeji wetu alikuwa bibi mmoja wa miaka 80 na ushei, mzaliwa wa Mombasa, mwenye Kigujarati chake na Kiswahili kisichochuja. Yeye na mjukuu wake walitupeleka kwenye kishamba anachokikodi kutoka baraza la mji kwa malipo ya mwaka. Tulivaa sweta, na huo ndio msimu wao wa joto.

Tulikuta matuta mawili ya figili zilizorefuka kupita kiuno cha mtu, zimefungwa kwenye vijiti zisilale, zimejaa maua meupe yenye weko la zambarau, na nyuki hawana nafasi. Tukamwonea huruma kwa mboga zake kuharibika. Akacheka.

“Hizi haziliwi mzizi, sheikh. Hizi twangoja maganda.”

Sisi tuliijua figili kwa mzizi wake na majani yake, kama tulivyolijua jina lake la Kiarabu, fujl, vitabuni. Wako hata wanazuoni walioiunganisha na kitunguu na kitunguu thomu katika adabu za kwenda msikitini, kwa ajili ya kucheua kwake. Maganda yake ya mbegu hatukuwahi kuyaonja. Wahindi huyaita mogri, nao wana aina maalumu yenye mzizi usio na maana na maganda marefu membamba. Hata figili ya kawaida hutoa maganda hayo ikiachwa, ila yake ni mafupi na manene.

Bibi huzipanda mwishoni mwa Aprili, baridi ya kugandisha ardhi ikishapita, mbegu moja kila shibiri moja na nusu. Kisha mwangaza hufanya kazi yake. Mwezi wa Juni mchana wa huko hupita saa 16, na Magharibi tuliisali saa tatu na nusu usiku. Figili ikiona mchana mrefu hivyo huacha kunenepesha mzizi na kukimbilia maua. Jirani yake, Mwingereza mlimaji wa mizizi, hulaumu jambo hilo kila mwaka na kung'oa matuta mazima. Ubaridi nao husaidia: maganda hukawia kukomaa, yakabaki laini na ukali wake ukawa wa kadiri. Adui ni vidudu vyeusi virukavyo kama viroboto, vinavyotoboa majani machanga, na njiwa.

Ganda huchumwa likiwa jembamba kama penseli, likivunjika kwa mlio. Likichelewa siku chache huwa nyuzi tupu. Huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, na mmea huendelea kuzaa. Jioni ile tuliyala kwa chapati, yamekaangwa na viazi, bizari ya pilau, manjano na pilipili mbichi, na mengine yamekatwakatwa ndani ya mtindi. Yaliyobaki aliyatia siki na chumvi. Ladha ni ya figili, lakini yenye ulaini wa kunde changa.

Miche miwili iliyo bora haiguswi. Hiyo huachwa ikauke mpaka maganda yawe rangi ya majani makavu, ndiyo mbegu ya mwakani. Wala hapandi figili ya aina nyingine karibu, maana nyuki huzichanganya. Alitwambia mbegu hizo amezitunza tangu marehemu mumewe alipokuwa hai. Wajukuu huzila lakini hawazipandi. Mjukuu aliyekuwa nasi alitazama chini.

Siku ya kuondoka alitupa mbegu zimefungwa katika leso. Tulizirudisha, na haikuwa rahisi. Mbegu haziingii Kenya bila kibali na cheti cha afya ya mimea, nasi hatukuwa na kimoja. Kuzificha katika sanduku la sheikh hakuzifanyi halali. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akamkabidhi mjukuu leso ile. “Basi utazipanda wewe,” akamwambia.

Tuliporejea tulinunua pakiti ya figili ya kawaida dukani, tukampelekea shemeji yetu Limuru, ambako baridi ipo ingawa mchana si mrefu hivyo. Zilichukua muda. Wiki iliyopita alituandikia kwa masikitiko kwamba figili zetu zimeharibika, zimetoa maua, na kesho atazing'oa ampe ng'ombe. Tulimpigia simu usiku huo huo.