Mrehani wa Chumbageni

Afikaye Chumbageni, mjini Tanga, masika yakiisha, huona nyuani mrehani uliokauka, vishada vyake vimekuwa vya kahawia. Asiyejua hudhani umetelekezwa. Kumbe wakati wa mavuno umewadia.

Shangazi yangu akaaye huko alirithi mrehani wake kwa marehemu mama yake, Pangani. Nyumba ile imekwisha kuuzwa, ua umejengwa. Kilichobaki ni mbegu. Mwaka jana alinipa kiganja kimoja nikapande Dar es Salaam. Nikazitia katika chupa ambayo haikukauka vema, na vuli ilipofika nikapanda. Haukuota hata mche mmoja.

Julai hii nilirudi kwake kwa haya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbegu zangu umezila?"

Hakugomba zaidi. Alinikalisha barazani, tukafanya kazi. Vishada hukatwa umande ukishakauka, vikatandazwa kivulini juu ya gazeti hadi vivunjike vikiguswa. Kisha husuguliwa kwa viganja na kupepetwa polepole, kwani mbegu ni ndogo kuliko ufuta na pumzi moja huzipeperusha. Adui mkubwa ni unyevu wa pwani. Basi mbegu huingia mkebeni pamoja na majivu makavu, kifuniko kikakazwa. Kabla ya kupanda, kumi hulazwa katika kitambaa chenye maji. Huvaa utelezi, na baada ya siku chache mtu huhesabu zilizochipua. Asumini yeye hapotezi muda kuitafutia mbegu. Hukata tawi tu. Lakini kikuba bila mrehani, asema, ni majani tu.

Mbegu za Tanga zimewahi kusafiri mbali. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani mbegu za ua dogo la zambarau la huku. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, nasi wenyewe, nakiri, wengi hatujapata kuliona.

Nilipoaga, shangazi aligawa mbegu katika mikebe miwili: mmoja wake, mwingine akampelekea jirani, asije akapoteza zote siku moja. Mimi nilipewa kijiko kimoja tu, ndani ya karatasi.

"Ukizioza na hizi," akasema, "utakuja kupanda hapa mbele ya macho yangu."