Andika Vile Watu Wanauliza

Wasee, wacha niseme kitu kitakachoniletea maadui. Wengi wanaowauzia masomo ya "kupanda juu ya Google" wanauza dawa iliyoisha muda. Wanakwambia uchague neno moja, ulirudie mara ishirini kwenye ukurasa, kisha ukae ungoje wateja. Hiyo stori ni ya kitambo sana. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Miaka ya tisini, injini za kutafuta kama AltaVista zilitegemea sana maneno yaliyo kwenye ukurasa. Wajanja wakaanza kuyajaza. Wengine waliandika maneno meupe juu ya rangi nyeupe, msomaji asiyaone lakini mashine iyasome. Halafu 1998 Larry Page na Sergey Brin wakaanzisha Google. Walikuwa wanafunzi wa uzamifu pale Stanford, wakaacha masomo njiani. (Mamangu hapendi nikitaja huo mfano.) Wazo lao lilikuwa kwamba tovuti nyingine ikiweka linki ya kwako, hiyo ni kama kura. Kujisifu peke yako hakutoshi, lazima wengine pia wakutaje.

Mwaka wa 2009 Google ikasema wazi kwamba ile orodha ya maneno watu huficha ndani ya kodi ya ukurasa haitumiki kabisa kupanga matokeo. 2011 ikaleta badiliko lililoitwa Panda, na tovuti zilizojaa makala hafifu zikashuka. Siku hizi kujaza maneno ili kuidanganya ni kuvunja sheria zake. Unaweza kushushwa, ama uondolewe kabisa.

Na bado watu wanalipia huo ujinga. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo kuandika ndiko kunanilisha. Kuna mteja alitaka makala ya maneno mia tano yenye "mkopo wa haraka" mara thelathini. Nikamweleza vile mambo yamebadilika. Akaniambia kazi yangu ni kuandika, si kufikiria. Nikakataa. Kazi ikapewa mtu mwingine, na mimi wiki hiyo nikala chapo madondo kwa deni.

Sasa kwani maneno ya kutafuta hayana kazi tena? Yanayo, tena kubwa. Lakini lazima uelewe ni nini. Neno la kutafuta ni swali la mtu. Kuna mse ameshika simu, bando inaisha, anataka kitu.

Shangazi yangu anashona sare za shule huko Githurai. Kuna mtu alimtengenezea tovuti, na juu kabisa akaandika "Suluhisho bora za mavazi kwa kizazi cha kisasa." Niambie ukweli, ni mzazi gani Januari, mtoto anarudi shule Jumatatu, ataandika hivyo kwa simu? Ataandika "sweta ya shule bei gani Githurai." Na hayo maneno yote, sweta, bei, Githurai, hayakuwa popote kwenye ukurasa wa shangazi. Kodi ya duka inamngoja kila mwezi, na mzazi anayemtafuta hampati.

Tuliandika upya. Kichwa cha ukurasa kikawa "Sare za shule Githurai: bei ya sweta, sketi na shati." Chini tukaweka bei halisi, siku ngapi kushona huchukua, na stage gani ushukie. Kila swali ambalo wateja humuuliza dukani likapata jibu lake. Sitawadanganya ati simu zililia siku hiyo. Ilichukua miezi. Lakini sasa anayepiga huwa tayari ameona bei, anauliza tu kama saizi ipo.

Hayo maneno hatukuyanunua kwa mtu. Anza kuandika kitu kwa Google bila kubonyeza kutafuta, uone inavyokumalizia sentensi. Hayo ni mambo watu wameshatafuta. Ukiwa na tovuti, fungua Search Console. Ni ya bure, na inakuonyesha watu waliandika nini ndipo ukatokea. Halafu kaa karibu na anayeuza, sikiliza wateja wanavyouliza kwa mdomo. Mimi nilijifunza zaidi kwa benchi ya shangazi kuliko kwa kozi yoyote.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho kinaniuma. Sisi huongea Kiswahili, tunachanganya, tunauliza "dawa ya kuondoa kunguni" ama "jinsi ya kupika pilau." Lakini tukifungua tovuti tunavaa suti, tunaandika Kizungu cha ofisini. Kwa Kizungu unashindana na dunia nzima. Kwa Kiswahili, mara nyingi ukiuliza kitu unapata ukurasa uliotafsiriwa na mashine, hata hauelewi unasema nini. Huyo mtu aliyeuliza kwa lugha ya nyumbani anastahili jibu la mtu anayemjua.

Kwa hivyo kabla uandike, uliza fundi, mama mboga, ama mtu wa boda: wateja hukuuliza nini kila siku? Andika hayo maswali vile yalivyo. Kisha yajibu vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.