Chumvi Juu ya Kibo

Kijana wa duka la kuchapisha picha, pale karibu na stendi ya Moshi, aliigeuza picha yangu huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga, kisha akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, hapa umetia chumvi. Barafu yote hii umeitoa wapi?" Anadhani niliiongeza kwa kompyuta. Amezaliwa hapahapa, mlima anauona kila asubuhi akienda kazini. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio na mwaka. Mimi siku zote nilijua ni 1983. Muhuri unasema 1984. Basi na iwe 1984.

Studio yenyewe imevunjwa, pamejengwa maduka ya simu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kigujarati, Mmoshi wa kuzaliwa, aliyezungumza Kichaga cha Kibosho vizuri kuliko wanangu mimi. Ukivuka kizingiti unapokewa na harufu ya siki. Picha ikitoka kwenye dawa ya kwanza huhitaji kitu kikali cha kuikata isiendelee kuwa nyeusi, na miaka ile ya foleni dawa ya kiwandani haikupatikana. Mzee alinunua siki ya kupikia, akaizimua kwa maji, kazi ikaenda. Siki hiyo ilichanganyika na udi aliouchoma kila asubuhi, na unyevu wa karatasi zilizoanikwa kwa vibanio nyuma ya kaunta, hata shati langu likawa linanijulisha kwa watu kabla sijatoa salamu.

Ukutani alitundika pazia lililochorwa na fundi wa mabango: Kilimanjaro kamili, ndege ikipita na, sijui kwa nini, minazi miwili miguuni pa mlima. Moshi na minazi wapi na wapi! Lakini maharusi walilipenda. Waliupa mgongo mlima wa kweli ulioko nje, wakaingia ndani kupigwa picha na ule wa rangi ya mafuta, kwa sababu ule haukuwa na mawingu.

Mzee ndiye aliyenifundisha mambo ya mwanga. Desemba na Januari jua huwa limehamia kusini, likauangaza uso wa kilele cha Kibo unaotazama mjini. Juni uso huohuo umelala kivulini, na anayehangaika nao anapoteza filamu. Na filamu haikuwa kitu cha kupoteza. Ilipitia mpakani Holili ikiwa imefichwa pamoja na sabuni, na Yashica yake ilipiga picha 12 tu, basi. Nikirudi na filamu ambayo haijaguswa, hakuuliza. Nikirudi nimepiga mawingu, alinisema mpaka jioni.

Tulichokiwinda siku zile ni asubuhi ya baada ya mvua. Usiku mzima imenyesha, saa kumi na moja inakatika, unapanda baiskeli gizani kwenda upande wa Rau. Kunapopambazuka, mlima mzima ni mweupe, siyo kileleni tu, bali mpaka kwenye tandiko kati ya Kibo na kilele jirani cha Mawenzi, na Mawenzi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mwamba mtupu, imepakwa nyeupe kwenye kila ufa. Wachaga wana hadithi yao kwamba Kibo alimpiga Mawenzi kwa mchi, ndiyo maana ana meno yale. Asubuhi kama hizo makovu huonekana moja moja. Saa tatu mawingu yanapanda kutoka msituni na pazia linafungwa. Theluji hiyo ya usiku haikai, siku mbili jua limekwisha kuila.

Picha aliyoicheka kijana si ya asubuhi kama hiyo. Ni ya siku kavu, ya kawaida, na kwa miaka mingi ilikaa kwenye boksi kwa sababu Mawenzi imefunikwa na wingu. Kinachoonekana ni barafu kongwe ya Kibo, ikishuka upande wa kusini kama vidole vya mkono uliolaza kiganja kileleni. Hakuna aliyeilipia picha hiyo, maana kila mtu alikuwa na barafu hiyo dirishani. Mlima mweupe mpaka kwenye tandiko kijana anaweza kuupata hata leo kwa simu yake, akibahatika kuamka. Siku ile ya kawaida ndiyo haipatikani.

Wajerumani Klute na Oehler walipoupima mlima mwaka 1912, barafu ilikuwa kama kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki 2. Watu husema joto, halafu wananyamaza, kana kwamba wamemaliza. Wanaoichunguza wanasema zaidi: hewa ya huku ilianza kukauka tangu mwisho wa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na barafu ya juu huliwa na jua ikageuka mvuke bila hata kupitia maji. Na kijana wangu ana wenzake wa zamani. Mmisionari Rebmann aliposema kwamba mwaka 1848 aliona theluji hapa karibu na ikweta, kuna msomi wa London aliyemkejeli kwa miaka. Leo jina la Rebmann limo kwenye kipande kimoja cha barafu hizo za kusini, au tuseme kwenye mabaki yake.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Zikaja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja, mzee akafunga akahamia kwa mwanawe Uingereza. Zikaja kamera za kadi, zikaja simu. Mwaka 2022 intaneti ikafika kambi ya Horombo, mita 3,720, na sasa mtu hutuma picha yake kabla hajafika kileleni, tena nyingi ni za uso wake mwenyewe, mlima ukichungulia begani.

Kila Desemba hoteli na makampuni hutoa kalenda. Nimezikusanya. Tarehe ni mpya, barafu ni ya miaka ya themanini, vidole vyote vipo, na katika kalenda moja iliyotundikwa kwenye ofisi ninayokwenda kulipia bili, Januari imewekwa chini ya picha niliyoipiga mimi. Nimewaandikia barua mara mbili. Wamejibu kwamba wanaifanyia kazi.